Medusa hakuwa na mkia

Medusa hakuwa na mkia. Naanza na hilo kwasababu kila nikilisema mbele ya watu wanaopenda muvi na magemu ya mambo ya Wagiriki wa kale naona wanashtuka, wananiuliza we umeyatoa wapi hayo, maana picha iliyoko kichwani kwa kila mtu ni moja tu: nyoka badala ya nywele, sura ya mwanamke, afu kuanzia kiunoni kushuka chini ni joka tupu. Mi mwenyewe ndo nilivyomjua hivyo. Mara ya kwanza nilimwona kwenye kibanda umiza, niko mdogo, tumebanana kwenye mabenchi, TV ya chogo iko juu ya meza, na muvi ni ile Clash of the Titans ya mwaka 1981. Kile kipande cha Medusa nikifumba macho mpaka leo nakiona. Giza, mwanga wa moto unayumbayumba, kwanza unasikia mkia unachakarika kama mtu anatikisa kayamba, ndo baadaye anatokea mwenyewe anajivuta kwa mikono, mwili wa nyuma unafuata taratibu, na ana upinde. Kibanda kizima kilinyamaza, hata wale jamaa wa nyuma ambao siku zote sauti zao zinaizidi muvi yenyewe.

Aliyemtengeneza vile ni Ray Harryhausen, fundi wa kusogeza vikaragosi kidogokidogo na kupiga picha moja baada ya nyingine mpaka vionekane vinatembea. Mkia wa kwenye muvi ile ni kazi yake, tena ni mkia wa nyoka ambaye Ugiriki hayupo kabisa, maana nyoka wanaopiga kayamba mkiani wanapatikana mabara ya Amerika tu. Kikazi ni uamuzi mzuri sana na simlaumu, kiumbe anayejivuta anaogopesha kuliko anayetembea. Ila tangu hapo mkia umemganda. Gorgon, yaani jina la ukoo wa Medusa na dada zake, kwenye gemu la God of War la 2005 wana mikia, michoro kibao mtandaoni ina mikia, watoto wakivaa sare za Medusa kwenye sherehe wanataka na mkia. Na mi nalikomalia hili kwasababu ukimpa Medusa mkia wa mwenzie unakuwa umefuta wanawake wawili kwa mpigo: Medusa umemnyang'anya hadithi yake, na mwenye mkia wake umemfanya hata jina lake lisijulikane.

Tuangalie wa zamani wenyewe walimwonaje. Pale Louvre, Paris, kuna mtungi mkubwa wa udongo uliotoka Boeotia, wa karne ya 7 KK, umechongwa shujaa Perseus akimkata Medusa shingo. Perseus kageuza uso pembeni asimwangalie, maana hadithi inasema anayemtazama anageuka jiwe, mkono mmoja umemshika Medusa na mwingine una upanga. Na Medusa mwenyewe? Kwa mbele ni mwanamke kavaa gauni refu, kwa nyuma ni farasi. Farasi kabisa, mgongo, miguu ya nyuma na mkia wa singa. Mara ya kwanza kuiona ile picha nilidhani wamekosea maelezo, lakini ukiisoma hadithi unaelewa, maana Medusa alikuwa na mimba ya Poseidon, na Poseidon ndiye mungu wa bahari na wa farasi pia, na siku anakatwa kichwa, kilichochomoka shingoni ni Pegasus, farasi mwenye mabawa, pamoja na ndugu yake Chrysaor. Kwahiyo aliyechonga mtungi alikuwa anamchora mama wa farasi. Nyoka wala hakuwa na haja naye.

Afu nenda kisiwa cha Corfu. Kulikuwa na hekalu la mungu wa kike Artemis lililojengwa kama mwaka 580 KK, na juu kabisa mbele, pale paa linapokutana, walimweka Medusa wa jiwe mwenye urefu wa karibu mita tatu. Anacheka meno nje, macho yamemtoka, amepiga goti moja kwa namna ambayo wachongaji wa zamani walionyesha mtu anayekimbia, na kiunoni amejifunga nyoka wawili wamesokotana kama mshipi. Nyoka amewavaa. Miguu anayo, tena miguu minene yenye nguvu kabisa. Kushoto na kulia wako watoto wake, Pegasus na Chrysaor, ingawa kwa hadithi watoto hao hawajazaliwa mpaka yeye afe, lakini mchongaji hakujali, alitaka mama asimame na wanae wote kichwa kikiwa bado kiko mahali pake. Pembeni yao wamelala chui wawili. Hii ilikuwa mbele ya hekalu, mahali ambapo kila anayekuja kusali anapaona kwanza. Jini baya la kusubiri kuuawa huwezi kuliweka pale, pale unaweka mlinzi.

Na Hesiod, mshairi wa kama 700 KK ambaye ndo alituandikia vizazi vya miungu, anapomtaja Medusa hataji hata nyoka mmoja wa kichwani. Anasema walikuwa ndugu watatu, Stheno, Euryale na Medusa, wale wawili hawafi wala hawazeeki, Medusa peke yake ndo mwenye kufa, akapatwa na balaa. Na anasema Poseidon alilala naye kwenye majani laini katikati ya maua ya masika. Basi. Mistari michache tu, lakini ndani yake ana dada, ana mtu aliyelala naye, ana watoto, ana kifo.

Sasa mwenye mkia ni nani? Ni Echidna, na ukurasa unaofuata tu Hesiod anamweleza kwa kirefu kuliko Medusa. Nusu ni binti mwenye macho maangavu na mashavu mazuri, nusu ni joka kubwa la kutisha, lina madoa, linakula nyama mbichi huko chini kwenye vina vya ardhi takatifu. Ana pango lake chini ya mwamba, mbali na miungu na mbali na binadamu, na miungu wenyewe ndo waliompa liwe nyumba yake. Hafi, hazeeki. Mume wake ni Typhon, yule aliyepambana na Zeus, mkuu wa miungu, mpaka dunia ikatikisika, na watoto wao ndo hao mnaowajua wote hata kama jina la mama hamlijui: Cerberus mbwa wa kuzimu, Orthos mbwa mwingine aliyelinda ng'ombe wa jitu Geryon, Hydra wa Lerna ambaye hadithi zinasema ukikata kichwa kimoja vinaota viwili. Yaani ukikaa ukahesabu unakuta sehemu kubwa ya sifa za Heracles, yule shujaa mwenye nguvu, ni kupita nyumba ya mama mmoja akimaliza watoto. Hydra kamuua, Orthos kamuua, Cerberus kamfunga kamtoa kuzimu kumpeleka kuonyesha watu. Kitu kinachoniuma ni kwamba muvi za Heracles ziko kibao, katuni zipo, magemu yapo, na wote wanapigana na watoto wa Echidna, lakini yeye mwenyewe ni nadra kumwona, utadhani wale watoto waliota kama uyoga.

Hapa watu huwa wananiambia nyoka ni nyoka bwana, kila mahali ni mbaya, ndo maana mwanamke nyoka lazima awe jini. Kwa Wagiriki hiyo sio kweli hata kidogo. Watu wa Athens walikuwa wanaamini kuna nyoka mkubwa anaishi juu kwenye Acropolis analinda mji, na kila mwezi walikuwa wanamwekea keki ya asali. Mwanahistoria wa Kigiriki Herodotus anasema keki siku zote ilikuwa inaliwa, lakini mwaka 480 KK Waajemi wanakaribia, keki ikakutwa haijaguswa, kuhani wa kike akatangaza, na watu wakahama mji kwa moyo mmoja kwasababu waliona hata mungu wao kashaondoka. Fikiria mji mzima unafungasha virago kwasababu nyoka hakula. Afu kuna Asclepius, mungu wa uganga, yule ambaye fimbo yake iliyozungukwa na nyoka ipo mpaka leo kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani. Hata dawa yake ina mkono wa Medusa, maana ipo hadithi kwamba mungu wa kike Athena alimpa Asclepius damu ya Gorgon, ya mishipa ya kushoto inaua, ya kulia inafufua. Hicho kipande sijawahi kukiona kwenye muvi yoyote, na mi naona kinafaa kuliko mapigano yote.

Na kubwa kuliko yote ni Cecrops. Huyu watu wa Athens walisema ndiye mfalme wao wa kwanza, ametoka ardhini, juu mwanaume chini nyoka. Umbo lilelile la Echidna! Kwenye vyombo vya udongo wanamchora na mkia wake umejikunja vizuri, ndevu zimechanwa, kavaa nguo za heshima, fimbo mkononi. Athena alipopanda mzeituni akigombea mji na Poseidon, Cecrops ndo aliyeitwa kuwa shahidi. Hakuna shujaa aliyetumwa kumkata kichwa. Mkia kwake ulikuwa kama cheti cha kuzaliwa, ushahidi kwamba huyu ni mwenye ardhi, hakuja na mtu.

Sasa weka mkia huohuo kwa mwanamke uone. Delphi, mahali ambapo Ugiriki nzima ilienda kuuliza mambo yake, palikuwa na joka jike kwenye chemchemi. Utenzi wa zamani wa kumsifu mungu Apollo unasema ni jike, tena ndo lililomlea Typhon baada ya Hera, mke wa Zeus, kumkabidhi. Apollo akafika anatafuta kiwanja cha hekalu, akalipiga mshale, likaoza juani, na kutokana na huko kuoza mahali pakaitwa Pytho. Wasimulizi wa baadaye wakaja kuligeuza mpaka jinsia, likawa dume linaloitwa Python. Lakini mwanamke aliyekuwa anakaa pale kutoa majibu ya mungu akaendelea kuitwa Pythia, kwa jina linalotokana na mzoga ule. Kwahiyo mwanaume mwenye mkia ni mwenyeji, mwanamke mwenye mkia ni kizuizi cha ujenzi. Tofauti yao sio nyoka, wote ni wa ardhini, wote walikuwepo kabla. Mi naona hadithi hizi zinatuambia wazi nani alitakiwa arithi ardhi na nani alitakiwa apishe.

Lamia nampitia haraka kwasababu yeye mkia ulimjia kwa kuchelewa. Mwanzoni ni malkia wa Libya, mrembo, Zeus akampenda, Hera kwa wivu akawamaliza watoto wake, na yeye kwa uchungu akageuka kuwa anakula watoto wa wenzie, mpaka wamama wa Kigiriki wakawa wanamtumia kutishia watoto. Baadaye sana, karne ya 3 BK, mwandishi Philostratus anasimulia kijana mmoja aliyekuwa mji wa Corinth aitwaye Menippus aliyependwa na mwanamke mzuri tajiri kutoka ugenini, na siku ya harusi mwalimu Apollonius akasimama akasema huyu ni lamia, pale pale vikombe vya dhahabu vikayeyuka, wapishi wakapotea, bibi harusi akalia akiomba asilazimishwe kusema yeye ni nani. Mtu wa Pwani akisikia hii anajua mara moja ni familia ya stori gani, ile ya kaka aliyempa lifti dada mzuri usiku kuangalia chini akaona kwato. Kilichonigusa mimi ni yale machozi. Philostratus alitaka tumshangilie mwalimu, lakini aliacha machozi mle ndani, na mshairi Mwingereza John Keats akayaona, akaandika shairi zima lililotoka mwaka 1820 ambalo ukimaliza unamwonea huruma nyoka. Siku hizi kwenye katuni za Japani na magemu lamia limekuwa jina la kila mwanamke mwenye mkia wa nyoka, yaani jina la malkia aliyefiwa na watoto limekuwa jina la umbo la mwili.

Na hapo ndo nikija kwenye fantasia ya kisasa nakuta tatizo lenyewe. Mwaka 1974 likatoka Dungeons & Dragons, gemu la mezani ambalo karibu kila gemu la video la mapanga na majini limerithi kitu kwake. Wale jamaa walifanya kitu kimoja chenye akili na chenye hasara pia: walichukua majina ya watu wakayafanya aina za viumbe. Medusa sio mtu tena, ni medusa wengi, ukienda kwenye pango unakuta medusa watatu, kila mmoja ana idadi yake ya pointi za uhai. Wakaunda na marilith, mapepo ya kike, juu wana mikono sita chini mkia, na miaka kadhaa baadaye Final Fantasy ya kwanza, ya 1987, ikaja na bosi wa moto mwenye umbo hilohilo. Nimecheza hayo magemu na nayapenda, sitaki mtu aseme nayachukia. Lakini angalia kilichopotea. Kwa Hesiod huwezi kumtaja kiumbe bila kusema amezaliwa na nani na yeye amemzaa nani, shairi lote ni ukoo, ni kama mzee anakupitisha makaburini anakuonyesha huyu babu yako, huyu mke wake wa pili. Kwenye gemu unapewa mkia, unapewa kifua, unapewa sumu, ukoo haupo. Na mtu asiye na ukoo kumuua hakuna uzito, huna wa kumpelekea habari za msiba.

Wagiriki walijua kwamba Medusa ana msiba. Pindar, mshairi wa karne ya 5 KK, aliandika wimbo wa kumsifu Midas wa Akragas aliyeshinda mashindano ya kupiga zumari pale Delphi mwaka 490 KK, na ndani ya wimbo anaeleza zumari lilianzaje. Anasema Perseus alipomkata Medusa wale dada wawili walilia, kilio kikatoka kwenye vichwa vyao na kwenye vichwa vya nyoka wao, na Athena akakisikia, kikamkaa sikioni, akatengeneza zumari ili akiige kile kilio cha Euryale, akawapa binadamu, ule mtindo ukaitwa mtindo wa vichwa vingi. Na katika wimbo huohuo Pindar anamwita Medusa mwenye mashavu mazuri. Mi sijui niseme nini zaidi hapo. Muziki wa zumari, uliopigwa kwenye michezo ya kuigiza na kwenye matambiko ya mji mzima, Wagiriki walisema umetoka kwenye kilio cha dada anayemlilia dada yake. God of War II ya 2007 ilimkumbuka Euryale, ikampa hasira ya kulipiza kisasi cha dada yake, nikafurahi kwa dakika kama tano, afu nikatakiwa nimkate kichwa na yeye nikitumie kama silaha kwenye safari inayoendelea.

Najua kuna watakaosema lakini siku hizi mambo yamebadilika, Medusa anatetewa. Ni kweli. Hadithi inayosambaa sana sasa ni ile kwamba alikuwa msichana mzuri, Poseidon akambaka ndani ya hekalu la Athena, na Athena badala ya kumwadhibu Poseidon akamwadhibu msichana kwa kumgeuza nywele kuwa nyoka. Watu wanachora tattoo yake kwa maana hiyo, wengi wao wamepitia mambo mazito na wamempata mtu wa kubeba nao, na hilo naliheshimu kwa dhati. Oktoba 2020 sanamu ya Luciano Garbati, Medusa ameshika upanga na kichwa cha Perseus, iliwekwa New York kwenye bustani iliyo mkabala na mahakama ya jinai ya Manhattan, baada ya miaka ya kelele za wanawake dhidi ya unyanyasaji, na ukiiona inakukamata.

Ila hiyo hadithi ni ya Ovid, na Ovid ni mshairi Mroma aliyeandika kama mwaka 8 BK, miaka mia saba hivi baada ya Hesiod. Halafu angalia nani anaisimulia. Ndani ya shairi la Ovid ni Perseus mwenyewe, yuko mezani kwenye sherehe ya harusi yake, mgeni mmoja anauliza kwanini kati ya wale dada ni mmoja tu aliyekuwa na nyoka kwenye nywele, na Perseus anajibu swali zuri, ngoja nikuambie. Anasema alisifika kwa uzuri na kilichozidi vyote ni nywele zake, mi mwenyewe nimekutana na mtu aliyesema aliziona. Muuaji anaelezea maisha ya marehemu huku watu wanakula, tena kwa kusikia kwa mtu. Kila nikisoma kile kipande naona Ovid alijua anachofanya. Watu wanaichukua ile kauli kama ndo Medusa halisi wa Wagiriki, wakati ni neno la aliyemkata kichwa.

Na hata tukiikubali, mi bado ina kitu inaninyima. Inasema nyoka ni adhabu. Kwamba mwanamke wa kawaida ndo mzima, na mwenye nyoka ameharibiwa, na ili tumhurumie lazima kwanza tuthibitishe kwamba zamani alikuwa mzuri na hana kosa. Vipi kama hakuharibiwa na mtu? Medusa wa Corfu hajaharibiwa, anacheka. Echidna hakulaaniwa na mtu yeyote, amezaliwa hivyo na kapewa nyumba. Angalia Nagini wa kwenye Harry Potter, vitabu vilipoisha 2007 alikuwa nyoka tu wa yule mchawi mbaya Voldemort, na mwanafunzi Neville akamkata kichwa kwa upanga, afu muvi ya 2018 ikaja kutuambia kumbe zamani alikuwa mwanamke mwenye laana ya damu. Walidhani wamempa utu. Walichompa ni huzuni ya nyuma, mwisho wake uko palepale kwenye upanga, na tunaujua kabla hajafungua mdomo.

Kufungua mdomo, hapo ndipo. Wanawake nyoka wa Kigiriki walikuwa wanaongea. Wale Erinye, miungu ya kisasi ambao Aeschylus, mtunzi wa michezo ya kuigiza, aliwapandisha jukwaani mwaka 458 KK na nyoka kwenye nywele, walisimama mahakamani Athens wakamshtaki Orestes kwa kumuua mama yake, wakahoji, wakabishana na Apollo, kura zikalingana wakashindwa, na hawakuuawa, walipewa makao ndani ya mji na heshima ya kudumu. Na yuko mmoja ambaye kama ningekuwa na hela za kutengeneza muvi moja tu maishani ningemtengeneza yeye. Hana jina. Yuko kwa Herodotus, kitabu cha nne, na Herodotus anasema stori hii aliitoa kwa Wagiriki wanaoishi pembeni ya Bahari Nyeusi.

Heracles anarudi na ng'ombe wa Geryon, na Geryon ni mtoto wa Chrysaor, kwahiyo ni mjukuu wa Medusa, kauawa na Heracles huyuhuyu siku si nyingi. Anafika nchi ambayo baadaye itakuwa ya Waskithi, wakati huo haina watu, baridi imemkamata na barafu, anajifunika ngozi yake ya simba analala. Akiamka farasi wake majike hawapo. Anazunguka nchi nzima kuwatafuta mpaka anafika sehemu ya msitu inayoitwa Hylaia, na ndani ya pango anamkuta mwanamke, kuanzia makalio kwenda juu ni binti, chini ni nyoka. Herodotus anatumia neno lilelile, echidna. Heracles anashangaa, lakini upanga hauguswi. Anauliza tu umeona farasi wangu? Anajibiwa ninao mimi, na sikupi mpaka ulale na mimi. Wanapatana. Na yule mwanamke akawa anachelewesha kuwarudisha, kwasababu, Herodotus anasema wazi, alitaka akae na Heracles muda mrefu zaidi, wakati mwenzie akili iko kwenye kuchukua mali zake aondoke.

Mwisho akawatoa farasi. Akamwambia hawa walikuja hapa nikakutunzia, na wewe ujira wangu umenilipa, nina watoto wa kiume watatu wako tumboni. Sasa niambie wakikua niwafanye nini, niwaweke hapahapa, maana nchi hii ni yangu mimi natawala, au nikuletee? Huyo ndo jini la pangoni anaongea, anauliza malezi. Heracles akamwachia upinde na mshipi wenye kikombe cha dhahabu kwenye ncha ya kufungia, akasema atakayeweza kuukunja upinde hivi na kujifunga mshipi hivi, huyo mpe nchi, atakayeshindwa mtoe. Akaondoka na farasi wake na ng'ombe wake.

Watoto wakazaliwa, mama akawapa majina, Agathyrsos, Gelonos na Scythes mdogo wao. Wakakua wakawa wanaume, na yeye aliyakumbuka yale maagizo, akatoa upinde, wa kwanza akashindwa, wa pili akashindwa, akawafukuza wote wawili kwenye nchi, mama kwa mkono wake mwenyewe. Scythes akaukunja. Wafalme wote wa Waskithi wametoka kwake, na kwa heshima ya kile kikombe Waskithi mpaka siku za Herodotus walikuwa bado wanatembea na vikombe vimening'inia kwenye mishipi yao. Heracles hakurudi kuangalia nani aliweza. Aliyekuwepo siku ile, aliyeona upinde unakunjwa, ni mama.